Mbegu ya Mgando

Siku siri ilipofunguliwa, akina mama sitini walikuja Kituo cha Utafiti cha Ntuma wamevaa kama wanaokwenda harusini. Vitenge vilikuwa vimenyooshwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Mama Lusajo, mshiriki namba saba, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa akifungwa vifungo vya gauni na mumewe, alikuwa amejisuka nywele mwenyewe, mistari kumi na minne, na hakuacha mtu apite bila kuinamishiwa kichwa aione.

Subilaga alisimama mlangoni na kishikwambi chake, akiweka alama kwenye majina. Alikuwa nesi wa jaribio la dawa la pale tangu siku ya kwanza. Kila mwezi alikuwa amevibonyeza viungo vya wanawake hawa kimoja kimoja, mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole na magoti, ishirini na vinane kwa kila mtu, akiuliza panauma au hapaumi. Alijua mikono yao kuliko sura zao.

Kwa miezi saba kila mmoja alikuwa akinywa kikombe cha maziwa ya mgando asubuhi. Thelathini walipewa mgando wenye Mpatanishi, kijidudu kilichotengenezwa maabara kwa kazi moja tu: kukaa tumboni na kuwafundisha askari wa kinga waache kuvishambulia viungo vya mwenye mwili. Maana baridi yabisi ya namna ile haiji na mvua ya Tukuyu, ingawa watu wote wa Tukuyu wanaisingizia mvua. Inakuja pale kinga ya mtu inapomgeukia mwenyewe. Thelathini wengine walipewa mgando mtupu, wa rangi ileile na uchachu uleule. Nani kapata upi, hakuna aliyejua, si akina mama, si Subilaga, si hata Dakta Salha Mkanga aliyekilea kijidudu hicho miaka kumi na mmoja. Orodha ilifungiwa kwenye mashine ya mbali, nayo ilifunguka saa nne kamili.

Dakta Salha alisoma kwenye skrini, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Makundi yote mawili yamepata nafuu," alisema. "Sawasawa."

Akina mama wakapiga makofi. Mama Lusajo akaanzisha wimbo wa kwaya na wengine wakaupokea, na mikono iliyokuwa haishiki kijiko mwezi wa kwanza ikapigwa kwa nguvu mpaka madirisha yakatetemeka. Ni Dakta Salha peke yake aliyebaki ameketi. Subilaga, pale mlangoni, aliinamia kishikwambi na kuweka alama kwenye majina yaliyokwisha kuwekewa alama.

Ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, Dakta alimwita ofisini.

"Hawajaelewa," alisema. "Sikutaka kuwaharibia siku yao. Kama mgando mtupu umewaponya sawa na Mpatanishi, basi Mpatanishi si dawa, Subi. Ni maziwa na matumaini. Ndivyo hesabu inavyosema. Mfuko unaotulipia utafiti wamenipigia, na mazungumzo hayakufika dakika tano. Ijumaa tunachoma kila kitu."

"Hakuna namna ya kuangalia tena?"

"Kuangalia nini? Ningezipima sampuli za kinyesi ningejua nani ana kijidudu na nani hana. Lakini mkataba ulikataza kuzipima kabla siri haijafunguliwa, na sheria inataka zichomwe jaribio likifungwa. Nimeomba siku kumi. Wamekataa." Alicheka kidogo, bila furaha. "Miaka kumi na mmoja, mwanangu. Nimeshindwa na maziwa."

Subilaga angeweza kusema pale pale. Mlango ulikuwa umefungwa, walikuwa wawili, na yule mama alikuwa akimwita mwanangu. Mgando mtupu haukuwa mtupu, na Subilaga alikuwa akilijua hilo tangu Februari. Alisema pole, akaenda kukusanya viti.

* * *

Ukitaka kujua kosa lilianzia wapi, sharti ujue watu wa kule wanavyoishi na maziwa. Kila nyumba ina chombo chake cha mgando, na mgando wa leo huzaliwa na wa jana: unaacha kidogo chini, unamimina maziwa mapya juu, kesho yameganda. Kile kidogo ndicho mbegu. Kuna siku mbegu inakataa. Maziwa yanakuwa maji, yananuka, hayashiki. Hapo mwanamke anaosha chombo, anachukua kikombe, anakwenda kwa jirani kuomba mbegu, na jirani anampa. Hata waliogombana mpaka wakapelekana kwa balozi wa nyumba kumi wanapeana mbegu. Anayeinyima atasemwa mpaka wajukuu zake waone aibu.

Dakta Salha alikulia Kilwa, na maziwa aliyoyajua utotoni ni tui la nazi. Alipoamua kumweka Mpatanishi ndani ya mgando alijiona amepata akili, na kweli alikuwa nayo: dawa isiyohitaji sindano wala jokofu, inayolelewa na mgonjwa mwenyewe jikoni kwake. Kila mshiriki alipewa chupa ya kioo yenye mbegu na kifuniko kinachojiandikia, kikitunza saa ya kufunguliwa, joto, na kiasi kilichomiminwa. Alipewa pia pakiti ya chumvi iliyoitwa ufunguo. Sheria ya Dawa Hai ilitaka hivyo, tangu chachu moja ya nchi ya mbali ilipotoroka maabara na kugeuza mto mzima kuwa povu: kila kiumbe cha dawa lazima kiwe na kufuli, kiishi kwa kitu ambacho hakipatikani popote duniani ila kwa aliyekitengeneza. Ukimnyima Mpatanishi ile chumvi, anakufa ndani ya siku chache. Makundi yote mawili yalipewa chumvi, ili mtu asijibaini. Kila kitu kilifikiriwa, isipokuwa jirani mwenye kikombe.

Tahadhari ya kwanza iliingia kwenye kishikwambi cha Subilaga Jumanne moja ya Februari, saa tisa alasiri. Vifuniko vitatu vimefunguliwa nje ya ratiba, mahali pamoja. Subilaga alipanda pikipiki ya kituo mpaka nyumbani kwa Mama Lusajo, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yake mzazi, akaingia jikoni bila kubisha. Chupa tatu zilikuwa wazi mezani. Mama Lusajo alikuwepo, Mama Bupe alikuwepo na mwenzao mmoja wa kwaya. Na pembeni, kwenye kigoda, aliketi Bi Gwantwa, mama yake Subilaga, ameshika kijiko kwa viganja viwili kama alivyoshika kila kitu kwa miaka tisa.

"Shikamoo mama," alisema Subilaga, maana salamu ni salamu hata kwenye fumanizi.

"Marahaba mwanangu. Kaa."

"Mnafanya nini hapa?"

"Sista, mbegu ya Mama Bupe imekataa," alisema Mama Lusajo. "Wiki ya sita hii anakunywa, vidole vilevile. Yangu imeshika, mwenyewe unaniona. Nimemgawia."

"Mliapa. Mliweka dole gumba kwenye fomu."

"Tuliapa kutogawana dawa," alisema Mama Bupe, na wala hakuwa akileta ujanja. "Dawa si zile pakiti? Kila mtu ana zake. Hii ni mbegu, sista. Mtu ataninyimaje mbegu?"

Subilaga alimtazama mama yake. Bi Gwantwa hakuwa mshiriki. Ndugu wa mfanyakazi hawaruhusiwi, na siku alipoambiwa hivyo alisema ni haki, akarudi nyumbani. Vidole vyake vilikuwa vimelala upande mmoja. Kuku akichinjwa, alinyonyolewa na majirani. Kisura, ng'ombe wake wa pekee, alikamuliwa na mtu wa kuitwa.

"Na mimi nimeonja," alisema Bi Gwantwa. "Kijiko kimoja tu. Kama ni kosa, nitaacha."

Hapa ndipo mawazo ya Subilaga yaliporudi mara elfu baadaye, akiwa anaosha vyombo au yuko kwenye foleni ya benki. Ilikuwa kazi ya robo saa. Angeandika mistari mitatu, wale watatu wangeondolewa kwenye jaribio kwa heshima zao, Dakta angekwenda kanisani na misikitini akaeleza kwa nini mbegu hii haigawiwi, na jaribio lingeendelea na watu hamsini na saba safi. Hayo aliyajua palepale jikoni. Alijua pia kwamba mama yake angeambiwa aache.

Kishikwambi kilimwuliza: Sababu ya kufunguliwa? Kikampa orodha achague. Subilaga akagusa neno "Usafi". Alama nyekundu ikawa ya kijani, akarudisha kishikwambi kwenye mkoba.

"Msinionyeshe tena," alisema, na huo ndio ukawa ulinzi wake wote wa sayansi.

Wiki ya saba tangu kile kijiko, Bi Gwantwa alimkamua Kisura kwa mikono yake. Hakumwambia mtu. Subilaga alipofika Jumamosi alikuta ndoo imejaa, na mama yake ameketi kando yake analia kimya kimya, akaketi naye wakalia wote. Tangu hapo tahadhari zilipoingia hakupanda tena pikipiki. Mbegu ilitoka kwa Mama Lusajo ikapita kwaya nzima, ikavuka mpaka upande wa pili wa barabara, na kila ilipopita kifuniko kiliandika, na Subilaga akagusa neno lilelile. Mara arobaini na moja. Alijiambia kwamba wanaogawana watakuwa wa makundi yote mawili, kwa hiyo itajifidia yenyewe. Aliyasoma mwenyewe masomo ya utafiti na alijua huo ni upuuzi.

* * *

Ijumaa walichoma. Chupa sitini zilirudi, akina mama wakaambiwa yalikuwa maziwa tu, pakiti za ufunguo zikahesabiwa, sampuli zikatolewa kwenye majokofu, na mbegu mama, ile iliyotoka moja kwa moja mkononi mwa Dakta Salha, ikawa ya mwisho kuingia tanuruni. Mkaguzi wa Mfuko alisimama na fomu. Palihitajika saini ya shahidi, Subilaga akatia.

Wiki tatu baadaye askari wa kinga walirudi kazini. Kituo kilikuwa bado na wajibu wa kuwaangalia washiriki kwa miezi mitatu, kwa hiyo Subilaga aliwahesabu tena. Namna ya kuhesabu haijabadilika tangu enzi za bibi zetu: unabonyeza kiungo kwa dole gumba mpaka ukucha wako wewe ugeuke mweupe, unamtazama mtu usoni, unauliza.

"Hapa?"

"Hapo," alisema Mama Lusajo.

"Hapa?"

"Hapo pia."

"Na hapa?"

Mama Lusajo alivuta mkono. Kichwani alikuwa na kilemba. Nywele zilikuwa zimefumuka na hapakuwa na wa kuzisuka.

"Sista, mlisema yalikuwa maziwa tu," alisema alipokwisha kufungiwa gauni. "Mbona maziwa nakunywa hadi leo? Ng'ombe yuleyule. Mbona hayanisaidii?"

"Mwili una mambo yake, mama," alijibu Subilaga.

Kati ya maneno yote aliyowahi kumwambia mgonjwa, hilo ndilo alilolionea aibu kuliko yote. Mama Lusajo alishukuru, akachukua mwavuli wake kwa kiwiko, akaenda.

Jumamosi ya pili ya Oktoba, Subilaga alifika nyumbani mapema na kumkuta mama yake zizini. Alisimama nje ya uzio, akatazama. Vidole vya Bi Gwantwa vilishika, vikabana, vikashuka, maziwa yakalia kwenye ndoo. Ilikuwa wiki ya tisa tangu Ijumaa ile. Kati ya wote walioinywa mbegu ile, hapakuwa na mwingine wilaya nzima ambaye mikono yake ilikuwa bado inafunguka.

"Mama," alisema, "unakunywa nini?"

Bi Gwantwa hakuacha kukamua. "Nenda jikoni. Nyuma ya debe la unga."

Palikuwa na chupa ya zamani ya jemu iliyofunikwa kitambaa, na mgando ndani, mzito, mweupe. Kando yake kulikuwa na kiberiti, na ndani ya kiberiti chumvi, karibu nusu.

"Mama Lusajo alikuwa akinimegea chumvi yake," alieleza mama yake alipoingia na ndoo. "Wao walikuwa wakitia kijiko kizima kama mlivyowaambia. Mimi nilikuwa natia chembe. Nikaona inashika tu. Mimi si mtu wa kumaliza kitu, unanijua."

Kituo kilikuwa kimekusanya chupa zake sitini. Chupa ya jemu haikuwamo kwenye orodha ya mtu yeyote. Subilaga aliiweka mezani taratibu, akavuta kiti.

"Inatosha mpaka lini?"

"Kwa chembe chembe? Mpaka Pasaka, labda ipite."

Basi akamweleza, bila kuficha, kuanzia jikoni kwa Mama Lusajo. Kwamba dawa ilikuwa dawa kweli. Kwamba ilionekana si kitu kwa sababu waliokuwa hawanayo walikuwa wamepewa na majirani, na yeye aliona, akaandika usafi. Kwamba zote zimechomwa, na duniani kote imebaki hii, nyuma ya debe la unga. Dakta Salha anafungasha maboksi, mwisho wa mwezi anaondoka. Akiipata pamoja na chumvi yote anaweza kuanza upya, maana chumvi mpya ni kazi ya mwaka mzima na vibali vyake, na bila chumvi kijidudu hakifiki huko; maabara, kikilelewa kwa matone tu, hii ya kiberiti ingekifikisha. Na ikibaki hapa, itakufa Pasaka.

Bi Gwantwa alisikiliza huku akichuja maziwa.

"Nikimpa, Mama Lusajo atapona?"

"Hapana, mama. Aliyekwisha kuinywa haruhusiwi kwenye jaribio jipya. Wote wale sitini hawaruhusiwi. Labda ikija kuuzwa dukani. Miaka saba, minane."

"Na mimi?"

"Na wewe vilevile."

"Na kazi yako?"

"Watanifutia leseni."

Bi Gwantwa alikuwa na miaka sabini na tatu. Alihesabu ile miaka minane kimya kimya, na Subilaga alimwona akiihesabu.

"Sasa anapona nani?"

"Watu tusiowajua."

Chujio lilikuwa limekwisha kudondosha. Bi Gwantwa akalining'iniza, akakausha mikono kwenye kitenge, kidole kimoja kimoja, kwa makini ya mtu aliyewahi kuvikosa.

"Mwanangu, umekuja kuniomba, au umekuja kunieleza?"

Subilaga alishindwa kuinua macho. "Nimekuja kukuomba."

"Basi omba. Umezunguka wee."

"Naomba mbegu, mama."

Bi Gwantwa aliichukua chupa. Kwa desturi mwenye mbegu hubakiza kidogo chini kwa ajili ya kesho yake, na mkono wake ulizoea hivyo. Alitafuta kikombe kabatini, akakishika, akasimama nacho. Kisha akakirudisha. Akafunga chupa nzima kwa kanga, akaweka kiberiti juu yake, akasukuma vyote upande wa pili wa meza.

"Ipakate usiiweke chini," alisema. "Barabara ina mashimo."

* * *

Dakta Salha hakupiga kelele. Subilaga alikuwa amejiandaa kwa kelele. Dakta alisimama katikati ya maboksi, akasikiliza mpaka mwisho, akafungua kanga na kuinusa ile chupa, akatia tone kwenye kioo, akainamia hadubini kwa muda mrefu sana.

"Wapo," alisema. "Wazima kabisa." Kisha, bila kuinua uso: "Tarehe ya kwanza?"

"Tarehe kumi na tisa Februari."

"Sasa ni Oktoba. Siku ya kufungua siri ulikuwa umesimama pale mlangoni. Mimi nilikwambia nimeshindwa na maziwa, na wewe ukaniambia pole."

"Ndiyo, Dakta."

"Ungeniambia Februari ningewatoa watatu. Ungeniambia siku ile, ningelala mlangoni mwa tanuru na sampuli wasingezigusa. Leo Mama Lusajo angekuwa anakunywa dawa yake kwa haki." Alivua miwani. "Sikuchukii, Subi. Ila sitakwambia yamekwisha, maana hayajaisha."

Alimketisha mezani na kumfungulia kumbukumbu za vifuniko. Usafi, usafi, usafi, ukurasa mzima. Alitakiwa kufuta neno hilo mara arobaini na moja, kila mahali aandike kilichotokea na atie saini. Kazi ilimchukua mpaka saa nane mchana. Ilipokwisha, Dakta aliweka tarehe hizo mpya kando ya hesabu za viungo na kuzifuata kwa kidole. Katika wale thelathini wa mgando mtupu, ishirini na sita walifungua vifuniko nje ya ratiba, na kila mmoja wao alianza kupata nafuu wiki chache baada ya siku hiyo, si kabla. Wanne ambao hawakufungua hawakupata nafuu yoyote. Jibu lilikuwamo siku zote, chini ya neno moja.

"Hii haitoshi kwa Mfuko, watasema ni hadithi," alisema Dakta. "Lakini kuna mtu mmoja. Kanywa miezi minane, kaacha leo kwa tarehe tunayoijua. Nataka mikono yake ifuatwe kila Jumatatu mpaka irudi ilikokuwa. Kiraka cha kubandika kwenye ngozi kitapima joto na uvimbe. Maumivu hakuna mashine iliyoyaweza bado; lazima mtu abonyeze na mtu aulize."

"Nitahesabu mimi."

"Wewe huaminiki."

Subilaga aliichukua kanga iliyofungia chupa, akaikunja.

"Na sina mwingine," alisema Dakta Salha, akamsukumia fomu. "Barua yako ya Baraza la Wauguzi nitaipeleka hesabu zikiisha. Mpaka hapo wewe bado ni nesi. Andika unachokiona."

* * *

Jumatatu ya kwanza viungo vilivyouma vilikuwa viwili. Ya pili, viwili. Ya tatu, saba. Kisura alianza kukamuliwa na Subilaga, vibaya, nusu ya maziwa ikimwagika kwenye viatu, huku mama yake akielekeza kutoka kwenye kigoda: bana juu kwanza, usivute, ng'ombe si kengele. Ya nne, kumi na kimoja. Majirani walianza kuja na vikombe vya mgando wao na maneno ya pole. Mama Lusajo alikuwa ameelezwa yote, na alikuwa amekaa wiki mbili bila kumsalimia Subilaga. Wiki ya tatu alileta ndizi, akaziacha mlangoni, akaondoka.

Jumatatu ya sita mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Bi Gwantwa alinyoosha mikono yake juu ya meza, akavilaza viganja kwenye taulo. Vidole vilikuwa vimeanza kulala upande mmoja.

Subilaga alibonyeza bega la kulia.

"Haliumi," alisema mama yake.

Kiwiko. "Hakiumi." Kifundo cha mkono. "Hakiumi."

Alibonyeza kidole cha shahada, pale kinapoanzia, mpaka ukucha wake mwenyewe ukawa mweupe. Pembe ya jicho la Bi Gwantwa ilicheza. Miguu yake chini ya meza ilijikunja.

"Hakiumi," alisema, na akamtabasamia mwanawe. "Endelea, mwanangu. Leo sijambo."

Fomu ilikuwa wazi kwenye kishikwambi. Inauma. Haiumi. Kidole cha Subilaga kilisimama juu yake. Kilikuwa kitu kidogo tu, kiungo kimoja kati ya ishirini na vinane, na mama yake mwenyewe ndiye aliyesema. Nani angemlaumu kwa kuandika alichoambiwa? Angegusa neno, alama ingegeuka kijani, mama yake angefurahi kwamba amemwokoa mtoto na huzuni ya leo, na yeye angerudisha kishikwambi kwenye mkoba.

"Mama," alisema, "usinifanyie hivyo."

"Nimefanya nini?"

"Unanihurumia. Ndivyo na mimi nilivyokuhurumia wewe jikoni kwa Mama Lusajo."

Bi Gwantwa aliitazama mikono yake juu ya taulo. Mvua ilikuwa inapiga bati, na huko zizini Kisura alilia kuomba majani.

"Rudi mwanzo," alisema mama yake.

Subilaga akarudi begani.

"Linauma," alisema Bi Gwantwa. "Andika."

Kiwiko.

"Kinauma. Andika."

Walikwenda hivyo, kiungo kwa kiungo, mkono wa kulia mpaka wa kushoto, Subilaga akibonyeza, mama yake akisema andika, na machozi ya wote wawili yakidondoka kwenye taulo. Walipofika magotini vilivyouma vilikuwa kumi na tisa. Subilaga akaandika kumi na tisa, akamsomea mama yake, akatia saini yake chini.